Nyama ya Leo, Bei ya Mvua

Arusha ina sura mbili, na wageni wengi huonyeshwa moja tu. Kaskazini, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna migomba, kahawa, mifereji na hoteli zenye bustani. Kusini ardhi inashuka, hewa inakauka, na udongo wa majivu ya volkano unageuka vumbi jepesi linalopenya hadi ndani ya soksi. Huko ndiko iliko kata ya Terrat. Kwa ramani imo ndani ya Jiji, lile lililopewa hadhi hiyo rasmi mwaka 2012. Kwa macho bado ni nusu malisho. Mabati mapya ya nyumba za kupangisha yanang'aa pembeni ya maboma ya Waarusha, mahindi yamepandwa hadi ukingoni mwa barabara, na kundi la ng'ombe likivuka, dereva wa kifodi anazima injini na kusubiri bila kupiga honi. Abiria nao hawanung'uniki. Mwenye haraka kuliko ng'ombe, aliniambia jirani yangu wa kiti, ashuke atembee.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na swali la jikoni. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Barani Afrika hutajwa kuwa ya pili, nyuma ya Ethiopia. Hata hivyo kilo ya nyama imekuwa kitu cha mwisho wa mwezi, na kila mwaka inazidi kuukimbia mfuko wa fundi ujenzi na wa mama lishe. Huko duniani nyama ya ng'ombe imeshakuwa bidhaa ya barafu: inachinjwa Brazil, inagandishwa, inapakiwa kwenye makontena, inaliwa China au Misri wiki nyingi baadaye. Barafu hiyo imefika wapi huku kwetu, na ikifika inafanya nini kwa bei? Swali la namna hiyo halihitaji ofisi. Linahitaji mahali ambapo mwenye ng'ombe na mnunuzi wa nusu kilo wanaonana kila siku.

Saa moja asubuhi bucha la kona huwa limeshafunguliwa. Pikipiki yenye sanduku la bati nyuma imeshashusha mzigo, paja limening'inia kwenye ndoano, na mhuri wa mkaguzi unaonekana juu ya mafuta. Nyama bado ina joto la mnyama. Mteja wa kwanza, mama mwenye kikapu cha ukindu, haanzi na bei. Anaibonyeza kwa kidole, anaitazama rangi, ndipo anauliza.

"Ya leo?"

"Ya leo, mama yangu. Imeingia sasa hivi."

Bei inafuata baadaye, na inakuja na mguno. Wakati wa safari hii kilo ya mchanganyiko, yaani nyama na mfupa wake, ilikuwa ikicheza kwenye 10,000 na kupanda kidogo kulingana na mtaa. Steki ilikuwa juu zaidi. Mtu aliyekuwa na jiko lake mwaka 2010 anakumbuka kilo ya shilingi 4,000 hivi katika miji mingi ya Tanzania. Miaka kumi baadaye ilikuwa 7,000, kwingine 8,000. Mapema mwaka 2023 mabucha ya Dar es Salaam yaligonga 10,000 na mengine yakaivuka, na tangu hapo bei haijarudi ilikotoka. Yule mama alichukua robo tatu badala ya kilo. Mkataji, bila kuombwa, akaongeza kipande cha mfupa wa supu juu ya mzani ulipokwisha kutulia. Nyongeza hiyo haimo kwenye takwimu zozote za taifa, lakini ndiyo inayomrudisha mteja kesho.

Bucha lile lilikuwa na gogo na panga, na pembeni msumeno wa umeme uliofunikwa kitambaa, maana kanuni za Bodi ya Nyama zinautaka msumeno na hazilitaki gogo. Friza halikuwapo. Nilipouliza, mwenye bucha alinitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgeni. Aweke friza ili iweje? Mteja akiliona tu, ataamini kila kitu kilichoko ndoanoni kimetoka humo.

Mtu wa Pwani hana haki ya kumcheka. Ng'ombe wanaoliwa Dar es Salaam husafiri kwa malori mamia ya kilomita hadi mnada wa Pugu, wakaishia machinjio ya Vingunguti, na mlaji hajui walichungwa wapi. Mlaji huyohuyo ameshazoea barafu kwa vitu vingine: hununua vibua vilivyogandishwa ng'ambo, vinavyobanduliwa kutoka kwenye boksi kwa kugongwa chini pale sokoni, na akivuka hadi Zanzibar hula bila kinyongo mapaja ya kuku yaliyosafiri kutoka Brazil. Ikija nyama ya ng'ombe, anageuka: anaitaka ya leo. Mtu wa Terrat anaitaka hivyohivyo, ila yeye ana sababu moja zaidi. Ng'ombe anamwona kwa macho yake, hai, akipita mbele ya mlango.

Hesabu ya bucha ni fupi na kali. Tuseme zebu wa huku, aliyeshiba vizuri, anatoa kilo 120 za nyama na mifupa. Akinunuliwa kwa milioni moja, kila kilo imeshakula zaidi ya shilingi 8,000 kabla ya usafiri, ushuru wa machinjio, pango na ujira wa kijana mkataji. Kinachobaki ni chembamba, kwa hiyo faida inatafutwa pembeni: kichwa, miguu, maini, utumbo na ngozi. Ngozi ndiyo iliyosaliti. Zamani ilikuwa na mnunuzi anayepita kuikusanya. Bei ya ngozi duniani ilipoanguka, huku ngozi ghafi inayotoka nchini ikiwa na ushuru uliofika asilimia 80 ili kulinda viwanda vya ndani, mabucha mengi yalijikuta yakiitupa au kuitoa bure. Shilingi zilizokuwa zikitoka kwenye ngozi zilihamishiwa kwenye nyama. Mnunuzi wa nusu kilo haijui habari hii, ila anailipia.

Kichwa na miguu vina mwenyewe. Mita chache kutoka buchani kuna kibanda cha supu ambacho moto wake huwashwa usiku wa manane. Mama mwenye kibanda huvinunua vyote viwili kila siku, huvichoma manyoya, huvichemsha hadi mfupa unaachia, na kufika saa mbili asubuhi benchi lake limejaa mafundi, madereva wa bodaboda na wazee wenye mashuka mekundu. Anauliza kila mmoja: ya ulimi, ya utumbo, au mchanganyiko? Chapati moja, limau, pilipili kichaa. Kijana mmoja alimwita "yeyo", kama anavyoitwa mama kwa Kimaasai, na akapewa mchuzi wa pili bila malipo. Nyama ilipopanda, alisema mama huyo, bakuli lake halikupanda kwa kiasi hicho. Alichofanya ni kupunguza vipande na kuongeza ndizi. Mchana hutoa machalari, ndizi na nyama katika sufuria moja, na hapo pia ndizi ndizo zinazobeba mzigo: zinashuka kutoka upande wa kijani wa mlima na bei yake ni ya huruma zaidi.

Maofisa wa serikali wamezoea kusema kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka, ilhali kiwango kinachotajwa kwa jina la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni kilo 50. Ukikaa kwenye benchi la supu unaona jinsi wastani unavyoficha mambo. Fundi anayekula bakuli la utumbo kila asubuhi na mke wake anayepika nyama Jumapili tu wote wamo ndani ya hizo 15.

Kutoka kibandani nilipelekwa kwenye boma la mzee wa Kiarusha aliyekuwa ameketi chini ya mgunga, fimbo mapajani. Watoto walikuja mmoja mmoja kuinamisha vichwa ili awaguse utosini, kisha wakarudi kwenye michezo yao. Wajukuu wake wawili wanasoma mjini, mmoja anaendesha bajaji. Eneo lake la malisho limepungua kila mwaka. Mpaka wa kusini umeuzwa viwanja, na mbele zaidi yamejengwa mabwawa ya kusafishia majitaka katika mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520. Ng'ombe wake waliobaki hapa ni wachache. Wengi amewapeleka kwa ndugu upande wa Simanjiro, ambako bado kuna nyasi.

Nilimuuliza habari za kuhifadhi nyama. Alianza mbali, kwenye ujana wake, wakati vijana walipokwenda orpul, kambi ya nyama porini: dume zima, supu yenye gome la olkiloriti, siku baada ya siku hadi ng'ombe anakwisha na nguvu zimerudi mwilini. Iliyohitaji kukaa ilikaangwa na kufunikwa kwa mafuta yake, ikawa olpurda, na ikadumu. Pwani nasi tuna ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Kila jamii ilikuwa na njia yake ya kukichelewesha kitoweo. Ila kwa mzee hizo zote zilikuwa njia za dharura. Njia kuu alinionyesha kwa fimbo: dume jeusi lililosimama kivulini likicheua.

"Yule haozi," alisema.

Mtazamo huo ndio ufunguo wa bei ya nyama nchini. Brazil au Australia, mfugaji akishauza, kazi ya kungoja hufanywa na mitambo. Nyama inalala kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hadi soko likae vizuri. Tanzania kazi hiyo hufanywa na ng'ombe mwenyewe. Yeye ndiye friza, na umeme wake ni nyasi. Ada ya shule ya Januari ikidai, anauzwa. Harusi ikikaribia, anauzwa. Pasipo dharura, anangoja, na kungoja kwake hakuna bili ya mwezi. Ndiyo maana mfugaji mwenye ng'ombe mia moja anaweza kusikia kwamba bei imepanda na asipeleke hata mmoja mnadani. Hana sababu ya kuuza kwa kuwa tu bei ni nzuri. Huuza anapokuwa na haja ya fedha. Wataalamu wa masoko wamelilalamikia jambo hilo tangu enzi za ukoloni. Kutoka chini ya ule mgunga linaonekana kuwa busara ya kawaida kabisa.

Mpaka mvua inapogoma. Mzee aliutaja ukame wa mwaka 2008 na 2009, uliofagia mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro, hadi serikali ikaja kugawa ng'ombe wa kifuta machozi kwa kaya zilizobaki mikono mitupu. Kisha akautaja ule wa mwishoni mwa 2021 na 2022, ulioiua mifugo kwa maelfu Simanjiro na Longido wakati Pembe yote ya Afrika ilikuwa ikikosa mvua msimu baada ya msimu. Nilimkumbusha kauli yake kwamba dume haozi. Hakusita.

"Mwaka ule walioza wakiwa wamesimama."

Ukame hufanya kitu kinachowachanganya wanunuzi wa mjini. Kwanza bei ya ng'ombe mnadani inaporomoka, maana kila mtu anataka kuuza kabla mnyama hajafa. Mtu wa mjini anasubiri nyama ishuke, haishuki. Ng'ombe aliyekonda hana kilo 120. Ana 70 au 80, na mwenye bucha analazimika kununua wawili kupata uzito wa mmoja. Halafu mvua inarudi, na hapo ndipo bei inapochomoka. Mfugaji aliyepoteza nusu ya kundi hauzi tena jike hata moja. Anazuia kila ndama ili kundi lijae. Minada inabaki mitupu miezi na miezi. Mapema mwaka 2023, wakati watu wa Dar es Salaam walipokuwa wakilalamikia kilo ya 10,000, sehemu ya maelezo ilikuwa mifupa iliyokuwa bado imetapakaa mbugani mwaka mmoja nyuma.

Mnada wa Meserani, upande wa Monduli kwenye barabara iendayo Makuyuni, ndiko hesabu hizo zinakopata sauti. Vumbi linaanza kuonekana kabla ng'ombe hawajaonekana. Wanaume wanazunguka kwa mashuka na makoti ya suti, fimbo moja, simu mbili. Mnyama anauzwa kwa jicho: dalali anamgusa nundu, anamkandamiza kiuno, anamtazama meno, anataja bei. Mnunuzi anacheka, anaondoka hatua tatu, anarudi. Serikali imehimiza mizani minadani, na faida yake ni wazi kwa mtu yeyote aliyesoma hesabu, lakini mabingwa wa jicho hawaiamini. Dalali mmoja aliyekubali nimfuate kwa muda alitaja uzito wa dume baada ya kuligusa mara moja, kisha akanipa somo la pili: uzito si bei. Bei iko Namanga.

Alikuwa anasema kweli. Ng'ombe wa nyanda hizi hawangoji Arusha iamue. Namanga ni mpakani: upande wa pili, Kenya, kuna mnada wa Bissil, Kajiado, na mbele yake machinjio ya Dagoretti yanayolisha Nairobi, jiji ambalo kwa kawaida hulipa zaidi kwa kilo. Shilingi ya Kenya ikiimarika, malori yanaelekea kaskazini. Ikilegea, Meserani inajaa na mabucha ya Arusha yanapumua. Mpaka una karatasi zake, vibali, karantini na mnada rasmi, na una njia za panya ambazo ng'ombe wamezijua kabla ya Wazungu kuchora mstari. Wamaasai wana ndugu pande zote mbili. Mwaka 2017 serikali ya Rais John Magufuli iliwakamata ng'ombe takriban 1,300 wa Kenya walioingia kutafuta malisho, ikawapiga mnada, na mwaka huohuo ikateketeza vifaranga 6,400 waliovushwa Namanga. Nairobi ilikasirika, mabalozi wakaongea, na ng'ombe wakaendelea kufuata mvua.

Pembeni ya mnada wanawake wanauza maziwa mgando na ugoro, na nyama choma iko kwenye fito zilizochomekwa ardhini kuuzunguka moto. Haipimwi. Unaonyesha mbavu, unakatiwa mbavu. Katika sherehe za jadi za Kimaasai na Kiarusha kila kiungo kina mwenyewe kwa rika na kwa jinsia, na anayekula kisicho chake anajulikana. Mzani umeleta usawa wa aina nyingine: kilo ni kilo, hata kama umempa mkwe sehemu ya watoto.

Kugandisha nyama kwa ajili ya soko si jambo jipya duniani. Mwaka 1876 meli ya Kifaransa iliyoitwa Le Frigorifique ilibeba nyama ya baridi kati ya Ufaransa na Argentina, na mwaka 1882 meli Dunedin ikafikisha London mzigo wa nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand. Tanganyika iliingizwa katika biashara ya nyama ya mbali kwa mlango mwingine, wa kopo. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa na kiwanda maarufu huko Fray Bentos, Uruguay, ilishirikiana na serikali ya kikoloni kuanzisha Tanganyika Packers, na kiwanda cha Kawe kikapika ng'ombe wa bara, kikawafunga makoponi na kuwapeleka Ulaya. Kopo halihitaji barafu, na mlaji wake hahitaji nyama laini. Lilihitaji ng'ombe wengi wa bei ndogo, na ndivyo lilivyowapata. Kiwanda kilikufa. Leo ukisema Tanganyika Packers, kijana wa Dar es Salaam anaelewa viwanja vya mikutano ya siasa na ya injili.

Safari hii mlaji yuko Ghuba, na hataki kopo. Kaskazini mwa Terrat, kwenye barabara ya Namanga, kiwanda cha Eliya Food Overseas kimejengwa Eworendeke, wilayani Longido, katikati ya nchi ya wafugaji. Vipo vingine: Tan Choice mkoani Pwani, Chobo huko Mwanza. Kwa takwimu za serikali, nyama inayouzwa nje ilipanda kutoka chini ya tani 2,000 mwaka 2020/21 hadi zaidi ya tani 14,000 mwaka 2022/23, ikielekea Oman, Qatar, Kuwait, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Nyingi ni ya mbuzi na kondoo, na nyingi huondoka ikiwa imepoozwa tu, haijagandishwa, kwa sababu Mwarabu wa Muscat naye ana lile swali la mama mwenye kikapu cha ukindu: ya leo? Ndege inamwezesha kujibiwa ya juzi.

Ukubwa wa jambo hili uwekwe kwenye kipimo chake. Brazil, muuzaji wa kwanza wa nyama ya ng'ombe duniani, mwaka 2024 ilisafirisha zaidi ya tani milioni 2. Ng'ombe wake ni mara sita hivi ya wa Tanzania. Nyama inayoiuza nje ni zaidi ya mara mia. Wanaotaka kuipunguza tofauti hiyo wanataja magonjwa kwanza. Ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya mapafu ya ng'ombe vinafunga masoko mengi hata kabla bei haijatajwa, na ndiyo sababu mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, yenye hereni za masikioni. Boma nililotembelea lilikuwa na madume kadhaa wenye hereni. Mzee hakuzichukia. Alitaka kujua tu kama ng'ombe mwenye hereni anauzwa ghali zaidi ya asiye nayo, na pale Meserani dalali alijibu kwa mkato: bado.

Barafu yenyewe niliikuta mjini, siyo Terrat. Msambazaji mmoja wa nyama kwa mahoteli alinifungulia mlango mzito wa chumba chake cha baridi, pumzi zikageuka moshi, na mbele yetu kukawa na rafu za fileti na sarloini zilizofungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, kila moja na tarehe yake. Zamani, alisema, hoteli za kitalii na za mbugani zilileta steki kutoka Kenya na Afrika Kusini, kwa hoja kwamba nyama ya hapa ni ngumu. Hoja ilikuwa na ukweli nusu. Zebu aliyetembea wiki nzima kufuata maji hawezi kuwa laini, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa haraka. Misuli hukaza baada ya kuchinjwa, na nyama ikilazwa kwenye ubaridi siku kadhaa hulainika yenyewe. Nyama tunayoisifia kwa kuwa ya leo inaingia sufuriani ikiwa imekaza, ndiyo maana jikoni kwetu inachemshwa saa mbili na papai bichi linaitwa kusaidia. Kile ambacho mwenye bucha anakiita kibichi na kizuri, mpishi wa hoteli anakiita hakijawa tayari.

Chumba hicho pia kina bei yake, na ni bei ya namna nyingine. Msambazaji hununua madume walionenepeshwa kwa mashudu ya alizeti wakati nyasi zimejaa na minada imefurika, huwakata, huwagandisha, na huuza msimu wa watalii, kuanzia Juni. Bei anayowaandikia wateja wake hukaa miezi. Ukame ukija, yeye ana akiba ya wiki kadhaa. Bucha la Terrat lina akiba ya hadi jioni. Barafu haijashusha bei ya nyama Arusha. Imeigawa mara mbili: bei inayotulia kwa anayelipa kwa dola, na bei inayofuata mawingu kwa anayelipa kwa shilingi.

Lakini hata Terrat barafu imeanza kuingia, kwa mlango wa uani. Kando ya barabara ya mchepuo, upande ambako kata jirani ya Olmoti inajengewa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027, kuna chalii mwenye bucha jipya lenye vigae vyeupe. Yeye analo friza, ila amelificha nyuma ya pazia. Mchana anauza ya leo kama wenzake. Jumatatu, siku ambayo mauzo hulala baada ya wikendi, kilichobaki hukatwa vipande vidogo, hutiwa kwenye mifuko na kugandishwa. Wanunuzi wake ni wachoma mishkaki na vibanda vya chipsi ambavyo hujaa vibarua wa ujenzi jioni. Kwenye mshkaki hakuna anayebonyeza nyama kwa kidole. Kuna tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na moshi.

Kwa hesabu zake friza limemwokolea hasara ya kila wiki, na mchoma mishkaki anapata mzigo kwa bei isiyobadilika Jumatatu hadi Jumamosi, jambo ambalo bucha la kona haliwezi kumwahidi. Kinachomkera ni umeme. Ukikatika nusu siku anavumilia. Ukikatika siku nzima anaita wachomaji wote na kuuza kwa bei ya kutupa. Siku nilipomuaga alikuwa kwenye simu na mtu wa mtaa wa Unga Limited mwenye friza kubwa la mtumba. Mwenye mali alitaka 900,000. Chalii alikuwa amesimama kwenye 650,000 na haongezi mpaka alione likiwaka. Alitaka liwe limefika kabla ya Desemba, wakati Wachaga na Wameru wanarudi nyumbani, ng'ombe wanapanda bei, na yule aliyenunua Oktoba ndiye anayecheka. Jenereta alikuwa bado hajalifikiria. Wa upande wa pili alikubali kushuka hadi 800,000, na usafiri juu ya mnunuzi.